Msafishaji wa Sakafu ya Maktaba

Kila asubuhi nikienda maktaba kusoma magazeti, namkuta msafishaji yuko magotini. Kitambaa chake anakikamua mara tatu, maana sakafu ile ni ya mbao iliyopigwa vanishi, na maji ndiyo adui yake. Kutulia hajui. Miguu ya viti ameivalisha soksi kuukuu, lakini kiti kikisogea tu, shingo yake imeshageuka. "Babu, hiyo fimbo inyanyue, usiikokote!" Basi juzi fimbo ikateleza, nikayumba, nikaipiga ndoo yake teke. Ilikuwa ama adake ndoo ama anidake mimi. Akanidaka mimi, maji yakamwagika mpaka chini ya rafu.

"Umeumia, babu?"

"Sijaumia, mjukuu wangu."

"Basi simama mwenyewe, maji yanaingia kwenye maungio!" Akaniacha wima, akavua shati lake, akafutia.

Ubao mmoja ukavimba hata hivyo. Kila akipita anaupapasa, kama mtu anayepapasa nundu kwenye paji la mwanawe. Mimi nikifika hapo fimbo naitia kwapani, naye, bila kuambiwa, anaacha kitambaa chake na kunipa bega.