Ndege ya Lusaka Ilipotua Mikumi Ikiwa Mgeni

Jumatatu ile ya Juni nilipoanza kazi katika uwanja wa ndege wa Mikumi, ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi hata milima hatukuiona. Shule niliishia darasa la nne, msomaji anivumilie. Nayasema kama ninavyoyakumbuka, na huenda mengine nimeyapinda bila kujua.

Nilimwamkia Msimamizi wa Uwanja. "Marahaba," alijibu. "Kazi yako ya kwanza ni pundamilia, ya pili upepo." Yaani nifukuze wanyama kabla ndege haijatua, kisha niuangalie mfuko wa upepo, kitambaa kirefu kama mkono wa kanzu, kinachomwonyesha rubani upepo unatoka wapi.

Miaka ya vijiji vya ujamaa alikuja Afisa Biashara wa shirika la ndege, kijana mwenye moto. Alitaka ndege iruke kutoka Lusaka hadi Mikumi moja kwa moja, bila kuzungukia Dar es Salaam. Ikija ingeleta watalii. Lakini ndege ikirudi tupu, alitufafanulia, mafuta ya kurudi yameungua bure. Basi irudi na vitunguu vya Kilosa, wakulima walipie mzigo. Nilitega masikio. Vitunguu vya mke wangu Asha vilikuwa vimeoza masika mawili mfululizo, vikingoja lori barabarani.

Siku ya safari ya majaribio alikuja pia Meneja wa Safari, mwenye kuamua. Ndege ilitokea juu ya milima ikimeta, ikainama, ikagusa ardhi, vumbi likasimama kama ukuta. Nimeona ndege nyingi. Ile ilinitoa machozi. Mzee Mbwana, mwenyekiti wa kijiji chetu, alivua kofia.

"Kitu kizito hivi, na hewa inakikubali!"

Wakulima walijaza magunia mlangoni pa ndege. Meneja akamuuliza Mzee Mbwana, "Mzee, mzigo huu utaulipia?"

"Nilipie? Mgeni ndiyo kwanza anafika, nimfanyie biashara mlangoni? Wapelekee watu wa Lusaka, waambie Kilosa tunawasalimu."

"Ndege si shemeji yako, Mzee."

"Leo ni mgeni, baba. Akija mara ya tatu tutampa jembe. Hapo tutalipana."

Watu walicheka. Meneja naye alicheka, kisha akaenda kuuliza kila mwenye gunia. Wote, Asha akiwemo, walijibu vilevile: zawadi.

Afisa Biashara alimsihi, "Mkuu, ndiyo desturi yao. Mara ya tatu watalipa."

"Nakuamini," alisema Meneja, na sura yake haikuwa na dharau. "Ila mafuta ya mara ya kwanza na ya pili nitamwomba nani?"

Sijamlaumu hata leo. Naye Mzee Mbwana sijui angejibu nini kingine. Rubani alipakia magunia aliyoweza, akapunga mkono, akapaa. Ndege ya Lusaka haikurudi tena.

Sasa nimestaafu. Kila ndege ikipita juu nasimama, shingo nyuma, kama siku ile. Asha hunicheka: "Mgeni wako huyo, bado hajafika mara ya pili."

Jioni ya siku ile ya majaribio hatukulaumiana. Tulikula ugali na mchicha, na vitunguu tele, vya gunia la Asha lililokosa nafasi ndegeni.