Dirisha la Kuuzia

Mume wangu alipopunguzwa kazini kiwandani, tuliacha chumba chetu cha kupanga mjini, mtaa wa Mabatini, tukarudi kijijini kwao, kando ya ziwa, mbele ya Nyegezi. Nyumba aliyoijenga babu yake ilikuwa bado imesimama. Babu huyo alijifunza uashi kwa wamisionari, naye akajenga kama wao: kuta za mawe, nene kama urefu wa mkono wangu, na vidirisha viwili tu, kila kimoja ukubwa wa sinia. Hata saa nane ya jua kali, ndani kulikuwa na baridi. Mama mkwe aliishi humo peke yake.

Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua duka. Mume wangu naye akasema chumba cha mbele kinatosha, kinachokosekana ni dirisha la kuuzia.

"Ukuta huo usiuguse, mwanangu," mama yake alimwambia.

"Mama, ni tundu tu."

Tulianza Jumatatu, yeye na mtaimbo, mimi na karai. Siku nzima hatukutoa hata jiwe moja. Jumanne jiwe la kwanza likatoka, ndipo tukagundua kwamba ule ukuta ulikuwa kuta mbili, ya nje na ya ndani, na katikati pamejazwa udongo na kokoto. Kokoto zikaanza kumwagika kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Nazoa, zinamwagika, nazoa tena. Mikono ilikufa ganzi. Jumatano ufa ukapanda kutoka kwenye tundu hadi chini ya paa.

Tukamwita fundi wa kijiji cha jirani. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akautazama ufa, akatikisa kichwa.

"Mngeweka linta, boriti ya kubeba mawe ya juu, kabla ya kubomoa. Sasa egemezeni nguzo, mrudishe mawe haraka."

Kurudisha kulituchosha kuliko kubomoa. Mawe yalikataa kukaa. Siku ya tatu mama mkwe akatoka na kigoda chake, akaketi.

"Hilo ligeuzeni. Tumbo liangalie ndani. Siyo hilo, lile dogo kwanza."

Jiwe likakaa. Na la pili. Nilimuuliza amejulia wapi.

"Nilipoolewa, babu yenu alikuwa anajenga chumba cha nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nampa mawe."

Miaka kumi na moja nilikuwa mkwe wake, na sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu nyumba ile.

Tulipomaliza, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufurahi. Mume wangu alinawa, akakaa mlangoni akitazama viganja vyake.

"Nitatafuta kibarua," akasema.

Niliokota mtaimbo na karai, nikaviweka ndani. Mwezi uliofuata alikwenda mjini, Pasiansi, kupakia samaki. Mimi nikabaki na mama yake, tukalima mihogo, na mchana tulilala, yeye kitandani, mimi sakafuni, ndani ya ubaridi wa kuta zile.