Tiketi ya Marehemu Mume Wangu Imeshinda, Lakini Jina Si Langu

Msomaji huyu anatoka sehemu za Msambweni. Ametuomba tulifiche jina lake na la marehemu mumewe, nasi tumefanya hivyo. Yanayofuata ni maneno yake mwenyewe.

Asalaam aleikum wahariri na wasomaji. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nina binti mmoja, na ninaishi Munje. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hivyo mniwie radhi kwa mwandiko. Hivi sasa nimo ndani, ninakaa eda ya mume wangu, ambaye hapa nitamwita Salimu. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi wala haposwi. Wanaokuja kunitazama wanasema nina subira. Sina subira yoyote, nimekufa ganzi tu.

Salimu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja huko Diani. Kuna wiki alirudi nyumbani kila siku, na kuna wiki alilala hukohuko akisema ana zamu ya usiku. Sikuwahi kujiuliza ni maua gani yanayomwagiliwa maji usiku. Alipatwa na homa, hakukaa hata wiki, akafariki. Tukazika, tukasoma hitima, watu wakarudi makwao.

Nilipokuwa nikikunja nguo zake zitolewe sadaka, nikakuta tiketi ya bahati nasibu ya taifa katika mfuko wa shati la kazi. Sikushangaa sana. Tangu tupate uhuru tiketi hizi zinauzwa hadi Ukunda, na wanaume wetu huzinunua kwa kificho kwa kuwa ni kamari. Muuzaji huandika jina na kijiji juu ya tiketi, na kipande kingine hubaki kwake. Wengi huandikisha jina la jamaa wa mbali, wasije wakasemwa msikitini. Hii iliandikwa Mwanakombo Bakari, Bongwe. Nikadhani ni jamaa yake nisiyemjua, nikaiweka kando.

Jirani yangu ni Mama Mutua, Mkamba aliyehamia huku na mumewe anayefanya kazi hospitalini. Mumewe huleta gazeti, na ile tiketi nilikuwa nimemwonyesha. Siku namba zilipochapishwa, akaja nalo, akaniambia, "Mama Fatuma, hebu lete ile tiketi tuangalie, haidhuru."

Tukaishika, yeye akisoma gazeti na mimi nikisoma tiketi, tarakimu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa mpaka ya mwisho. Mama Mutua akaruka. Mimi nilibaki nimekaa. Haikuwa zawadi ya kwanza, lakini ilitosha kumjengea mtu nyumba ya mawe na kumsomeshea mwana. Chini ya namba palikuwa na masharti: aliyeandikwa jina aende mwenyewe ofisini Mombasa, tiketi ikiwa mkononi, kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Eda yangu itakuwa bado.

Nikamwomba Mama Mutua aniendee Bongwe, amtafute huyo Mwanakombo, aone ni mtu gani. Nikamkanya asitaje tiketi.

Alirudi alasiri, jua limempiga. "Nimemwona," akasema, "lakini huyo hawezi kwenda Mombasa. Hatoki nje. Ati anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hana bangili, hana nini. Ni mgonjwa?"

Nikamuuliza, "Amefiwa na nani?"

"Na bwanake. Alikuwa anafanya kazi ya maua hotelini."

Nikamjibu kwamba si mgonjwa. Nilikuwa nikikuna nazi, nikaendelea kukuna mpaka kifuu kikawa hakina kitu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nina mke mwenzangu.

Mama mkwe wangu alipokuja nilimwamkia shikamoo kama kawaida, kisha nikamwuliza Mwanakombo ni nani. Hakukana. "Mwanangu, tulikuwa tukiingoja siku njema ya kukuambia," akasema. Basi kumbe safari zake za Bongwe, alizokuwa akiniambia ni za kumwangalia mgonjwa, zilikuwa safari za kumhani mwenzangu. Akaniambia zaidi: "Ana mimba kubwa. Na wewe waijua sheria, mwanangu. Akijifungua, eda yake imekwisha."

Juma lililopita alijifungua mtoto wa kiume. Wamempa jina la baba yake. Yeye sasa yuko huru kwenda atakako, mimi bado nimefungwa. Nasikia uchungu, nasema wazi, lakini ni uchungu wa mbali, mithili ya jino lililotiwa dawa.

Mwanakombo hajui kwamba tiketi imeshinda. Mama mkwe pia hajui. Ni mimi na Mama Mutua tu, na Mama Mutua amesema, "Hiyo ni shauri yako, mimi sitasema." Bila mimi, Mwanakombo hapati kitu, na bila yeye mimi sipati kitu. Nimefikiri kuichoma. Watu wangenisifu kwamba nimekataa haramu. Lakini mimi najua kwamba nitakapowasha kiberiti sitakuwa nikiifikiria dini.

Jana mama mkwe aliniletea salamu. Mwanakombo anasema hatangoja hata arobaini ya uzazi. Akipata nguvu atakuja hapa kwangu na mtoto, anipe mkono wa pole, na aniombe radhi kwa kuwa aliolewa bila mimi kujua. Ameomba pia nimbebe huyo mtoto, anijue kama mamake.

Wasomaji, atakapoketi mbele yangu na mtoto yumo mikononi mwangu, niseme au ninyamaze mpaka siku ya mwisho ya tiketi ipite? Nishaurini, maana moyo wangu nikiuuliza haunijibu.