Blanketi la Bwawa na Magoti ya Bibi

"Shangazi, kwani hilo blanketi lina moto?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimekaa ukingoni mwa bwawa la kuogelea la klabu anakofanya kazi. Shangazi, ambaye klabu nzima inamwita Mama Bwawa, alikuwa anaburuta lile plastiki kubwa lenye vipovu vya hewa la kufunikia maji. Alinijibu kama anavyojibu maswali yote magumu: "Wewe, futa kamasi."

Shangazi hajui kuogelea. Anajua kupima dawa, kuopoa majani kwa wavu na kuwafokea watu wazima wanaokojoa majini, lakini maji yakimfika kiunoni anaita mama. Na mama mwenyewe, yaani Bibi, ndiye aliyemfanya aing'ang'anie kazi hiyo. Magoti ya Bibi yalikuwa yamegoma. Daktari alisema ayafanyishe mazoezi majini, la sivyo atabaki kitini moja kwa moja. Klabu ikamruhusu aingie asubuhi, kabla ya wanachama.

Sasa, bwawa halikuwa na mtambo wa kupasha maji. Msimu wa baridi ulipoingia, Bibi alichovya kidole cha mguu, akakirudisha haraka.

"Unataka urithi mapema? Si useme tu."

"Mama, urithi gani? Zile sufuria zako?"

"Nirudishe kwenye kiti changu. Siji tena mpaka maji yapate akili."

Shangazi akakosa usingizi. Akakumbuka kwamba nyumbani, blanketi likianikwa juani, linaingia ndani na joto lake. Basi kila asubuhi akawa analitoa lile plastiki, analitandaza kwenye nyasi "lishibe jua", na jioni analirudisha. Mchana kutwa bwawa likabaki uchi, upepo unalilamba. Maji yakazidi kuwa barafu. Nilimsikia akilifokea plastiki: "Unashiba tu, kazi hufanyi!"

Aliyemwokoa ni mtunza bustani, tena kwa hasira. Alikuja mbio, mkononi kashika nyasi za njano.

"Mama Bwawa! Umenipikia nyasi!"

"Nyasi zako zilikuwa na sura mbaya tangu zamani."

"Zimeiva hizi, shika! Lidude linapika namna hii, si ukapikie maji yako?"

Shangazi alifungua mdomo amtukane, akaufunga. Sijawahi kuona hilo tena.

Kuanzia hapo plastiki lilikaa juu ya maji, jua liwe kali lisiwe. Siku chache baadaye alipoinua pembe moja, mvuke ulimpiga usoni. Bibi aliletwa kwa kubembelezwa. Akaingiza kidole, akaingiza goti, akazama mpaka shingoni.

"Mh," akasema. Kwa Bibi, hayo ni makofi na vigelegele.

Msimu wa joto ulipoanza, Shangazi alisahau kufunua, bwawa likawa supu. "Lete kitunguu," Bibi akapiga kelele kutoka majini, "nyama imeshalainika!" Tangu hapo, kukiwa na joto, bwawa linaachwa wazi lipumue.

Sasa niko kidato cha tatu. Bibi anakuja bwawani bila mkongojo, na anapiga mateke kusudi ili amloweshe Shangazi. Juzi nilirudia swali langu. Shangazi akajipangusa uso, akachungulia kwanza kama mtunza bustani yuko mbali.

"Halina moto hata chembe. Moto ni wa jua, lenyewe linauzuia tu usitoroke na mvuke. Na aliyenifumbua macho ni yule mkata nyasi. Ukimwambia, nakutupa humu na viatu vyako."