Udongo Mweupe Usoni kwa Mama

Mpaka leo nikisikia harufu ya mvinyo na jibini, natoka nje. Ndivyo vilivyokuwa mezani siku ile ya maonyesho Braamfontein, huku kusini tunakoishi ugenini, chini ya picha ya mama yangu.

Mchoraji alikuwa jirani yetu mtaa wa Bellevue, nyumba moja, vyumba mbalimbali. Yeye ni Mkongo wa kule mto unakoingilia baharini, sisi ni Wakongo wa mashariki, wa Bukavu. Alimwomba mama akae amchore, na mama, kiongozi wa kina mama kanisani, akavaa kitenge cha sare yao, akakaa Jumamosi tatu bila hata kujikuna. Siku ya maonyesho akawaalika wenzake wanne, nao wakaja na sare.

Tukaingia. Sura ilikuwa yake hasa, ila imepakwa udongo mweupe, ule wanaopakwa maiti. Kitenge cha kanisa kimepigiliwa misumari kifuani, tumboni kimetiwa kioo. Wageni walisogea wakajitazama kwenye tumbo la mama yangu huku wanatafuna. Nikaona kinyaa.

"Maman, ni heshima," mchoraji alisema. "Kwetu nyeupe ni rangi ya wakubwa waliotutangulia. Kila musumari ni kiapo ya mutu, kama kwa sanamu za zamani za kwetu. Wewe unawachunga wote."

"Waliotutangulia ni bafu, walishakufa," mama akajibu. "Miye niko muzima."

Wale kina mama wanne walikuwa wamesharudi nyuma. Mmoja alikemea pepo kwa sauti ya chini, na macho yake hayakuwa kwenye picha, yalikuwa kwa mama. Hapo nikajua uongozi wake umekwisha, na labda kanisa lenyewe pia.

Lakini kinyaa kikubwa najionea mwenyewe. Wiki mbili kabla nilipita chumbani kwa mchoraji nikaiona picha, misumari na yote. Akaniambia mimi nina jicho la sanaa, si kama wale washamba wa kanisani. Nikavimba kichwa. Sikumwambia mama neno.

Ndani ya basi mama alitoa leso, akaitia mate, akaanza kujisugua mashavu.

"Wewe uliiona mbele ya leo?"

"Niliiona."

Hakunigombeza. Aliendelea kusugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nilipomshika mkono, aliuondoa polepole.

"Usinishike kwanza," alisema. "Bado sijanawa."