Gari Linalofanya Kazi na Gari Linalopumzika

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi hapa Bukavu, katika miaka ile nchi ilipokuwa imeanza kuitwa Zaïre na kila mwanamume mwenye kazi ya ofisini alipojishonea abakosti, lile koti la kuvaliwa bila tai. Mimi nilikuwa nazo mbili. Nilikuwa karani wa usafiri katika kampuni moja ya chai, kijana mwenye diploma, mwenye kalamu mbili mfukoni, na mwenye imani kwamba mtu aliyesoma hahitaji kuuliza. Asubuhi ile niliandika ukurasa mmoja. Nimeandika kurasa nyingi tangu hapo, na baadhi yake zimenipatia heshima. Lakini ule ndio ninaoukumbuka neno kwa neno.

Kwetu ni Luhwindja, juu milimani. Watu wa kwetu, wakulima na wachekecha dhahabu, walikuwa wamechoka kuwabeba wagonjwa kwa tipoyi, ile machela ya miti inayowekwa mabegani mwa wanaume wanne, wakipokezana kutwa nzima mpaka hospitali ya Walungu. Wakaamua kuchanga wanunue gari. Mwenye maharage alileta maharage yauzwe, mwenye chembe ya dhahabu alileta chembe. Nsimire, jirani yetu, mke wa mchimbaji, alileta mbuzi wake, na hakuwa na mwingine. Walichanga hivyo miaka mitatu. Kisha wakamtuma kwangu baba yangu mdogo, Papa Cirhuza, aliyekuwa katekista wa kanisa la kilimani.

Aliketi ofisini kwangu akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Aliniambia kwamba mjini wameonyeshwa magari mawili ya kampuni yetu yaliyotaka kuuzwa, na kwamba bei zake karibu zilingane. Moja lilikuwa la Ulaya, gari la mkurugenzi, refu na pana nyuma, ambamo mgonjwa angeweza kulala akajinyoosha. La pili lilikuwa kamioneti, lori dogo la Kijapani lililochubuka rangi.

"Kununua tutaweza," alisema. "Kulilisha ndiyo tunaogopa. Weye mutoto yetu unajua magari. Utuandikie gani haitatushinda."

Nilifungua kitabu cha garaji. Humo kila gari lilikuwa na kurasa zake, na kila tengenezo lilikuwa limeandikwa. Kamioneti ya Kijapani ilijaza kurasa nne: springi, breki, klachi, springi tena, tairi, breki tena. Gari la Ulaya halikujaza hata nusu ya ukurasa. Lilikuwa limebadilishiwa mafuta ya injini, na mara moja taa. Basi nikaandika kwa Kiswahili safi na mwandiko wa kupendeza kwamba kitabu ni shahidi: gari la Ulaya haliharibiki ila kwa nadra, na matunzo yake ni machache, la Kijapani huharibika kila mwezi, na litawafilisi.

Kabla ya kutia sahihi nilishuka garajini. Sikwenda kuuliza. Nilikwenda ili mkuu wa mafundi, Papa Mugisho, agonge mhuri wa garaji chini ya maneno yangu. Alikuwa mtu wa Mumosho, mwenye umri wa baba yangu, aliyejifunza ufundi mikononi mwa mafundi wengine na kusoma kwa shida. Nilimsomea ukurasa kwa sauti ili vijana wa garaji nao wasikie jinsi karani anavyoandika. Alinisikiliza huku amelala chini ya lori. Nilipomaliza akajivuta nje, akakaa palepale chini, akajifuta mikono polepole.

"Citoyen Baguma," akasema, maana miaka ile kila mtu aliitwa Citoyen, yaani mwananchi, "abakosti yako iko safi sana. Inaonekana haijafikaka chini ya gari."

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka.

"Hii ya Kijapani inabeba chai na mihogo kila siku, barabara ya mawe. Ile ya Ulaya inapeleka patron kanisani siku ya yenga, ku lami, pembeni ya ziwa. Mutu analima na mutu analala, nani atakula mingi?"

Nikamjibu kwamba hesabu ni hesabu.

"Hesabu haina kosa. Kosa iko kwa mutu anachagua kitu ya kuhesabu." Akanyoosha kidole kuelekea mjini. "Na ile duka ilikuwa inauza mapiesi ya gari ya Ulaya, tangu ipate mwenyewe mupya, uliingia ndani? Bei iko ku karatasi, piesi haiko ku rafu. Ya Kijapani, ikivunjika, kuko mutu Walungu anaijua na macho ya kufunga, na piesi inatoka Bujumbura siku mbili. Ile ingine, ikivunjika kule kwenu, nani atalala chini yake?"

Mwanangu, hapa usinitafutie udhuru. Nilimwelewa. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Lakini mimi nilikuwa nimevuka ujinga, nimeingia katika jambo baya zaidi. Mkurugenzi alikuwa ameniahidi kwamba, watu wa kwetu wakilinunua gari lake, ni mimi nitakayeliendesha siku ya kulipeleka. Nilikuwa nimekwisha kujiona nikipanda mlima ule, kioo kimeshushwa, kiwiko nje, watoto wakikimbia nyuma na wasichana wakisimama mashambani. Ndoto hiyo ndiyo iliyoshika kalamu. Nilimwambia Papa Mugisho kwamba kazi yake ni kufunga bulo na nati, na kazi yangu ni kuandika. Akanitazama, akarudi chini ya lori. Mhuri hakugonga. Niliutia sahihi ukurasa bila mhuri, na kule milimani hakuna aliyejua kwamba mhuri ulihitajika.

Siku ya kulipeleka ilikuwa kama nilivyoiota. Wanawake waliimba. Papa Cirhuza alilibariki gari kwa maji ya baraka, na mama yangu alilia kwa furaha. Kijana mmoja aliyewahi kuendesha lori la mkaa alipewa funguo, na katika kiangazi chote gari likafanya kazi vizuri. Nisikudanganye: lilikuwa gari jema. Lilipanda bila kulalamika, na wagonjwa walisema ni kama kulala kitandani.

Mvua za Septemba zikaja. Barabara ikafumuka, mawe yakasimama. Gari lililotengenezwa kupita juu ya lami lina tumbo la chini. Jiwe moja likalipasua bakuli la mafuta ya injini, mafuta yakamwagika njiani, na dereva, ambaye hakuna aliyemfundisha maana ya taa nyekundu inayowaka mbele ya usukani, akaendelea mpaka injini ikakwama. Walilisukuma hadi kanisani. Waliniandikia. Nilizunguka Bukavu yote nikitafuta vipuri, na nilipoingia katika lile duka nilikuta rafu tupu na kijana akiuza sabuni. Barua ikatumwa Ulaya. Jibu halikuja mwezi huo, wala uliofuata.

Nilipanda kwenda nyumbani mwezi wa Desemba. Niliona aibu kwenda, na niliona aibu zaidi kutokwenda. Gari lilikuwa limejengewa paa la majani ya migomba, na kuku alikuwa akitagia kwenye kiti cha nyuma. Hakuna aliyenilaumu. Walinikaribisha kama zamani, wakanipa kiti. Waliamini kwamba lililotokea ni bahati mbaya, kwani karatasi ya mtoto wao ilikuwa imesema vinginevyo.

Kesho yake asubuhi, mvua ikinyesha, majirani walikuja kuomba mabega ya kubeba tipoyi. Nsimire alikuwa katika uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mkunga alikuwa amesema hapa mikono yake imefika mwisho. Wanaume wengi walikuwa mtoni kwenye dhahabu. Nikavua viatu vya mjini, nikaingia chini ya mti wa tipoyi upande wa nyuma kushoto.

Sitakusimulia njia yote. Nitakuambia hili tu: anayebeba nyuma huuona uso wa anayebebwa. Tulipoteleza, alishika miti pande zote mbili asituangukie, akatuomba radhi kwa uzito wake. Mahali fulani kabla ya Walungu, tulipomshusha chini ya paa la wauza ndizi, mtoto alizaliwa, na hakulia. Alikuwa mvulana. Mama tulimfikisha hospitalini akiwa hai, na daktari akasema kwamba saa chache mapema zingetosha kwa wote wawili. Hakusema kwa lawama. Hakujua anasema na nani.

Nililala Walungu siku tatu mpaka Nsimire alipoweza kukaa. Kisha nikapanda tena mlimani, na Jumapili, misa ilipokwisha, nikamwomba Papa Cirhuza asiwaruhusu watu kuondoka. Nikasimama mbele ya kanisa, nikausoma tena ukurasa wangu, neno kwa neno. Halafu nikaongeza yale niliyoyaacha: kwamba gari moja lilikuwa likifanya kazi na jingine likipumzika, na mimi nikalihesabia dhambi lile lililofanya kazi, kwamba fundi aliniambia, kwamba nilitaka kuonekana nimekaa kwenye usukani.

Mume wa Nsimire aliinamisha kichwa, hakukiinua.

"Ulijua mbele ya kuandika?" Papa Cirhuza akauliza.

"Nilijua, Papa."

"Basi si mimi utaomba musamaha kwanza, ni Nsimire." Akageuka kwa watu. "Tulimutuma aende kutuonea. Alijionea mwenyewe. Sasa ataenda tena, na safari hii ataenda kwa miguu ya yule fundi."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu, na ilinipasua kuliko fimbo. Nilirudi Bukavu, nikaenda kwa Papa Mugisho bila abakosti. Nilimweleza yote, pamoja na mtoto. Hakusema kwamba alinionya. Watu wakubwa hawana haja ya neno hilo. Alinitandikia gunia kuukuu chini ya ile kamioneti ya Kijapani, ambayo ilikuwa bado haijapata mnunuzi, akasema, "Lala, uangalie."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nililijua neno hilo tangu shule. Mwili wangu ulilijua siku hiyo. Kwa majuma kadhaa, kila nilipotoka ofisini, nililala kwenye gunia lile. Nilijifunza kwamba springi ya Kijapani huchoka upesi juu ya mawe, lakini hufunguliwa kwa spana mbili zinazopatikana kila soko. Nilijifunza kwamba chuma cha gari la Ulaya ni kinene, breki zake ni bora, na injini yake, ikitunzwa na anayeijua, huishi miaka mingi. Ila hutaka spana za namna yake, mafuta ya namna yake, na fundi aliyelisomea. Papa Mugisho hakuniruhusu kulitukana gari la Ulaya. Alisema kwamba kosa halikuwa lake. Gari lilikuwa limepelekwa mbali na watu wanaolijua, kama mgeni anayeugua ugenini asiyejua kusema anaumwa wapi.

Safari hii tuliandika wawili, yeye akisema, mimi nikiandika. Tuliyapima magari yote mawili kwa barabara moja, mzigo mmoja, na umbali mmoja wa kipuri. Mhuri aligonga mwenyewe. Gari la Ulaya likanunuliwa kwa hasara na daktari mmoja wa mjini, aliyeagiza injini kupitia jamaa yake wa Ubelgiji. Alilitembeza juu ya lami miaka mingi, akalisifu. Nami mshahara wangu ulikwenda kujaza pengo mpaka watu wa kwetu wakaipata kamioneti.

Sikuiendesha. Nilikaa nyuma, juu ya gunia, na aliyeendesha alikuwa fundi wa Walungu ambaye angeitunza. Hakukuwa na nyimbo. Watu walikuja kutazama, wakaizunguka, wakagusa rangi iliyochubuka. Nsimire naye alikuja, amekonda, amejifunga kitenge cheusi. Nilikuwa nimekwisha kumwomba msamaha nyumbani kwake, mbele ya mumewe, naye alikuwa ameniitikia kwa kichwa tu. Sasa alisimama mbele ya kamioneti, akaitazama mpaka chini kwenye magurudumu, kisha akanitazama mimi.

"Na hii," akauliza, "mulimuuliza fundi?"

Nikamwambia, "Tulimuuliza, Maman."

Akaweka kiganja chake juu ya bati la gari, akakiacha hapo kitambo, akaondoka. Hayo ndiyo yote aliyoniambia juu ya jambo lile maishani mwake, na sikustahili zaidi.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nawe umesoma, na watu wataanza kukutuma uwaonee yale wasiyoyaona. Unapolinganisha vitu viwili, viwe magari, viwe watu, kwanza uliza kila kimoja kilikuwa kikifanya nini ulipokuwa ukikipima. Usimhukumu anayetoka jasho kwa sababu ana madoa, wala usimsifu aliyekaa kivulini kwa sababu ni safi. Gharama ya kitu haimo katika kitu chenyewe tu. Imo pia katika umbali uliopo kati yake na mikono inayoweza kukitengeneza. Na kabla hujaandika, jichunguze unatamani jibu gani. Ukilikuta tamanio lako limekwisha kuketi mezani, mpe kalamu mtu mwingine. Mwongo anayejidanganya nafsi yake hudhuru nyumba moja. Mwongo aliyeaminiwa na watu wake hudhuru mlima mzima. Na ukishakosea, sema mbele ya walewale uliowakosea, kwa sauti ileile uliyoitumia kukosea.

Mungu wa mababu zetu, aliyeyaona yote yaliyotendeka njiani siku ile, akuongoze. Akupe akili isiyonunuliwa, na sikio linalomsikia mtu mwenye mikono michafu. Akujalie kuaminiwa, kisha akujalie kustahili. Nenda kwa amani, mwanangu, na wale watakaobebwa kwa neno lako wafike salama.