Mwaka Tuliosaga Mahindi ya Jirani

Nilihamia Tunduma, mji wa mpakani, nikitokea kijijini Iyula, Mbozi, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na wiki za kwanza nilitembea mjini kama mtu aliyelewa. Mama mdogo, aliyenichukua nikae naye, alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa pale mtaa wa Chapwa. Kila kitu kilinifurahisha: malori yaliyojipanga hadi yakapotea machoni, watu wanaobadilisha lugha katikati ya maneno, hata kelele za mashine zilizonitetemesha meno. Baada ya mwezi mama mdogo aliniachia swichi. Asubuhi nilikuwa naiwasha, mkanda unaanza kuzunguka, jengo zima linaunguruma, na mimi nacheka peke yangu kwa raha.

Kucheka kwenyewe ni tatizo langu. Nikifurahi nacheka, nikiogopa nacheka zaidi. Nyumbani walishazoea. Tunduma hawakujua.

Mwaka ule mvua ilitukumbuka sisi wa Mbozi, lakini ng'ambo ya mpaka, Zambia, iligoma. Wanawake wa kule walitusimulia kuwa mahindi yao yalitoa mbelewele yakiwa yamefika magotini tu, kisha yakasimama hivyo hivyo hadi yakakauka. Wazee wao hawakuwahi kuona jua la namna ile. Bwawa kubwa linalowapa umeme nalo likapungua maji, umeme ukawa unakuja saa chache na kuondoka, na mashine zao za kusaga zikalala. Kwa hiyo yule aliyebahatika kupata debe la mahindi hakuwa na pa kulisagia. Alijitwika, akavuka, akaja kwetu.

Walianza kuja wachache. Mimi niliwapenda mara moja. Walinifundisha kusema *mulishani*, yaani habari, asubuhi na *natotela*, asante, wakiondoka, nami nilipoyatamka kwa lafudhi yangu ya Kinyiha waliangua kicheko hadi wakashika magunia wasianguke. Kisha wakawa wengi. Wakawa wanafika kabla jua halijachomoza, na wanawake wa Chapwa waliozoea kuja saa tatu wakakuta foleni imezunguka jengo. Bei ya mahindi ilikuwa imepanda, na kila mtu alitafuta wa kumlaumu. Wageni wanatumalizia unga, ndivyo ilivyosemwa kisimani, sokoni, hata nje ya kanisa. Kwenye mashine nyingine, si mbali na kwetu, wanawake wawili, wa huku na wa kule, waligombania nafasi na mmoja akavunjika mkono. Wawili hao walikuwa wakiazimana chumvi mwaka uliotangulia. Mama mdogo aliposikia alikaa chini, akasema mashine yake hataki iwe chanzo cha damu.

Siku yetu ilifika Jumamosi moja, asubuhi kweupe. Mama mmoja wa mtaani alikuwa amesubiri tangu alfajiri na mtoto mgongoni, na mbele yake bado kulikuwa na wageni kumi na kitu. Akaacha ndoo yake, akaenda hadi kijiwe cha wapakiaji mizigo, akarudi na wanaume sita. Aliyewatangulia alikuwa jitu la mtu, mabega kama mlango, ameshika fimbo. Wapakiaji wote walimsikiliza yeye. Nyuma yao watu wakaanza kujaa, na baadhi niliona wameokota mawe. Jiwe moja likatua juu ya bati letu, kwaa.

Mama mdogo akaniambia nizime mashine. Nikazima. Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko lile jiwe, na bila shaka nikaanza kucheka. Nilijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakacheka badala yake.

Yule mwanaume alichora mstari mavumbini kwa fimbo yake, kuanzia mlangoni petu hadi kwenye mtaro.

“Wa Tanzania kulia, wa Zambia kushoto,” alisema. “Asiyesikia nitamhamisha mwenyewe.”

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasogea kulia, akasita, akarudi kushoto. Akaeleza kwa adabu kwamba amezaliwa hapa ila ameolewa kule, sasa asimame wapi? Mwingine akasema yeye kinyume chake, amezaliwa kule ameolewa hapa, mume amefariki, na mahindi haya ni ya mkwe. Wa tatu alikuwa na nyumba pande zote mbili. Jirani yetu wa karibu kabisa, ambaye sote tulimjua kuwa wa Chapwa, ikagundulika kuwa dada yake wa tumbo moja ndiye aliyesimama upande wa wageni, na wakawa wanapokezana mtoto juu ya mstari wakibishana ni nani abaki na debe. Wanamwanga, wenyeji wa eneo hili, wako huku na kule tangu zamani, mpaka wa nchi uliwakuta wapo. Ndani ya dakika chache watu walikuwa wakivuka mstari kwenda na kurudi hadi nyayo zao zikaufuta nusu, na yule bwana akainama kuuchora upya.

Alipokuwa ameinama ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake kivulini na kitenge kichwani, aliposimama. Alikuwa ametoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alfajiri hiyo. Alienda taratibu hadi akasimama juu ya mstari wenyewe, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.

“Nihamishe basi,” alimwambia.

Mwanaume akainua uso. Fimbo ikamteremka mkononi yenyewe.

Mama mzee akaendelea kwa Kinamwanga, ambacho sisi Wanyiha tunakishika nusu kwa nusu, na hiyo nusu ilinitosha. Alisema alimbeba bwana huyo mgongoni hadi zahanati alipougua surua utotoni, njia nzima akimtapikia shingoni, na leo anamwonyesha fimbo kwa ajili ya debe la mahindi. Mama huyo alikuwa dada wa baba yake yule mwanaume. Walikuwa hawajaonana tangu msiba wa huyo baba.

“Shikamoo, shangazi,” alisema lile jitu, kwa sauti ndogo kama ya mtoto wa chekechea.

“Marahaba. Beba hilo gunia.”

Akalibeba. Hapo nilishindwa. Kicheko kilinitoka kwa nguvu kiasi kwamba nililazimika kukaa chini mlangoni, na aliyenifuata alikuwa yule mama mwenye mtoto mgongoni, aliyewaita wanaume. Kisha foleni nzima. Wenye mawe waliyaachia chini polepole, wakijifanya hawakuwa nayo.

Hatukuacha mambo hapo, maana njaa ilikuwa bado ipo na mahindi hayakuongezeka kwa sababu tumecheka. Mama mdogo aliwakalisha wanawake wa pande zote mbili juu ya magunia, wakabishana hadi saa sita, wakakubaliana: asubuhi anasaga mmoja wa kule, anafuata mmoja wa hapa, na mwenye mtoto mchanga hasubiri. Mpwa wa shangazi akapewa kazi ya kusimamia foleni, akaifanya kwa ukali hata mama mdogo mwenyewe akaambiwa asubiri zamu. Wapo walioendelea kununa. Yule mama wa mtaani hakusalimiana na wageni kwa wiki kadhaa, na sikumlaumu, kwa sababu naye watoto wake walikuwa wakilala na uji mtupu. Lakini hakuna aliyeinua jiwe tena.

Msimu uliofuata mvua iliwarudia. Shangazi akatuma ujumbe kwamba mahindi mabichi yameiva na hataki kusikia udhuru. Tukachukua vibali vya siku moja, mimi, mama mdogo na lile jitu lililobeba zawadi zote, tukavuka kwa miguu. Shangazi alikuwa amechemsha sufuria mbili kubwa. Nilikula mahindi saba nikihesabiwa na watoto wa uani kwa sauti. La nane lilinishinda katikati, nikajilaza kwenye mkeka wao, tumbo limekaza kama ngoma, nikitazama shamba lililoanzia nyuma ya choo, mabua yamenizidi urefu, kijani hadi mwisho wa macho.